Marahaba ya Kengele

Ninyi vijana wa kijiwe cha bodaboda pale njia panda, najua mnanicheka. Asubuhi napita na baiskeli yangu kwenda kuchukua maziwa, barabara mbele yangu ni tupu, hakuna kuku wala mbuzi, halafu mnasikia napiga kengele. Mmoja wenu alisema mzee ameanza kusalimiana na malaika. Mwingine akasema ni uzee tu, kidole kinamwasha. Nilisikia yote. Masikio yangu bado mazima, na kwa kazi niliyofanya, yangekuwa mabovu nisingefika umri huu.

Basi leo nawaeleza kengele ile nampigia nani. Itabidi mnivumilie, maana dereva mstaafu akishapata abiria wa kumsikiliza hamshushi mapema.

Nilikuwa dereva wa lori. Nilibeba ndizi, maharage na kahawa kutoka Kaisho na vijiji vingine vya Kyerwa, nikapita Nyabiyonza kuja Kayanga, na mara nyingine nikaendelea hadi Bukoba. Kwetu ni Muleba. Karagwe nililetwa na kazi, nikabakizwa na mwanamke, na mwanamke huyo ni mke wangu Adventina, ambaye hivi ninavyoandika amekaa mlangoni anamenya ndizi na kuniuliza kwa nini nimeanza kwa kumtaja yeye. Nimemwambia avute subira. Baba yake ndiye mwenye habari hii.

Udereva nilifundishwa na Mzee Salvatory, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akiendesha huku amevaa kofia ya kufumwa hata jua likiwa kali. Siku ya kwanza nilijua atanipa usukani. Akanipa baiskeli. Alikuwa ameazima ya mchuuzi mmoja wa ndizi, ikiwa na mzigo wake kamili: mkungu kushoto, mkungu kulia, na mwingine umelazwa juu ya keria, yote imefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi la ndani. Akaniambia niiteremshe kilima.

Sikufika hata nusu. Mzigo ule una akili yake. Ukielemea kidogo kulia, wenyewe unamalizia. Breki za fito zikilowa zinashika zinavyotaka zenyewe, na ukijaribu kusimama ghafla mikungu ya nyuma inakuinua. Nilijikuta kwenye shamba la mtu, nimekumbatia mgomba.

"Sasa panda gari," Mzee Salvatory akasema. "Kila ukimwona mtu wa baiskeli mbele yako, hesabu kwamba ataangukia upande wako. Akiangukia upande mwingine, shukuru na uendelee."

Mafunzo yake mengi yalikuwa ya namna hiyo. Alinifundisha kwamba lori likipita karibu na baiskeli upepo wake humvuta mtu kuja kwako, kwa hiyo usimpite mpaka upate nafasi ya kumwachia upana wa kitanda na zaidi. Kiangazi, kwenye barabara ya vumbi, alinionyesha kwamba ukishampita mtu kwa kasi unamfunga kitambaa cha macho, na dereva wa nyuma yako akija hamwoni mtu huyo, wala mtu huyo hamwoni dereva. Masika ukimrushia tope atafunga macho, na mtu wa baiskeli aliyefunga macho ni mzigo tu unaoteremka. Mambo haya hayakuandikwa kwenye leseni yangu, lakini ndiyo yaliyonistaafisha nikiwa na mikono safi.

Kitu kimoja tu Mzee Salvatory hakunifundisha vizuri, nacho ni honi, kwa sababu siku zile honi ilikuwa lugha ya kila mtu na kila mtu aliiongea kwa lafudhi yake. Honi ndefu ilikuwa ya kona. Mbili fupi ni asante. Kulikuwa na dereva mmoja wa Ihembe aliyepiga tatu akifika karibu na kwake, mkewe akabandika maji ya kuoga. Mwingine alipiga mbele ya kila kanisa, liwe la Kikatoliki liwe la Kilutheri, hakubagua. Na sote tulisalimia kwa honi. Ulimjua mtu, ulimpigia. Usipompigia, jioni unaulizwa una kinyongo gani.

Sasa nije kwa baba mkwe wangu, Mzee Byabato.

Shamba lake lilikuwa juu ya mteremko mmoja upande wa Nyabiyonza, ambao sisi madereva tuliuita Shuka Uone. Chini ya mteremko kulikuwa na gulio, na sisi wenye malori tulikuwa tukipakia ndizi pale. Kila siku ya gulio Mzee Byabato aliteremsha mikungu yake mwenyewe kwa baiskeli. Wanawe walimwomba aache. Adventina alimwomba. Akawajibu kwamba ndizi zake zinamjua yeye, wakipewa wengine zitafika zimechubuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia ya kitambaa ambayo ukiiona inashuka mbele yako ulijua ni yeye hata ukiwa mbali.

Kwa nilivyolelewa, mkwe humpiti kama unavyopita mti. Ukikutana naye unasimama, unashuka, unainama kidogo, unasema shikamoo, unangoja marahaba, ndipo unauliza habari za nyumbani. Huko Muleba na huku Karagwe mambo hayo ni yale yale. Lakini hebu niambieni, lori limejaa hadi juu ya bodi, njia ni ya udongo, mteremko unaitwa Shuka Uone, nitasimamaje kumsalimia mtu katikati? Ukisimama pale na mzigo, breki zikiwa za moto, huenda gari likaondoka peke yake ukiwa bado umeinama. Kwa hiyo nilikuwa nikimpita polepole, nikamwachia nafasi, na ndani ya gari nainamisha kichwa kwa heshima. Yeye kichwa changu hakukiona. Aliona bodi la lori na vumbi.

Siku moja kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, watu wamejaa uani, mzee akaulizwa habari za mkwe wake wa Muleba. Akatafuna buni zake za kahawa taratibu, akasema: "Mimi nina mkwe wa vumbi. Nikiona vumbi najua amepita."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilikuwa nimeshika sahani na sikujua niiweke wapi. Njiani kurudi Adventina hakunisemesha hadi tulipofika mlangoni, kisha akasema neno moja tu: "Msalimie."

Nikaanza kumsalimia kwa honi. Si ile ya mbali, maana honi ya mbali ni ya watu wote, huwezi kumwambia mkwe kwamba honi ile ile iliyofukuza ng'ombe ilikuwa na salamu yake pia. Nilimkaribia kwanza, kisha nikapiga mbili fupi, za upole. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye tambarare, karibu na gulio. Aligeuka, akanitambua, uso ukafunguka wote. "Marahaba, mwanangu!" Nilimwona midomo. Siku hiyo alifika gulioni akiwa mtu mwingine, akawatangazia wenzake kwamba mkwe wake anamsalimia kwa lori zima.

Basi ikawa hivyo. Kwa muda tulikuwa wakwe wa kupigiwa mfano, na Adventina akawa ananiwekea kipande kikubwa cha nyama.

Kabla sijafika mahali penyewe, niseme kidogo kuhusu watu wa baiskeli, maana msije mkadhani wao walikuwa malaika na sisi ndio mashetani. Walikuwa na mambo yao. Walipenda kwenda wawili wawili sambamba wakipiga soga, barabara yote wameimaliza, na ukipiga honi wanaumalizia kwanza umbea. Breki zikiisha mtu anaacha kununua mpira mpya, anakanyaga tairi la mbele kwa kandambili. Novath wa pale karibu na kanisa alinunua kioo cha pikipiki akakifunga kwenye usukani, tukampongeza sote kwa kutuonea huruma. Kumbe alikuwa akiangalia jino lake jipya. Aliingia mtaroni akitabasamu. Na wakati wa senene, asubuhi, mtu anaweza kuitupa baiskeli katikati ya njia akakimbilia nyasini kukamata panzi hao wa kuliwa, nawe unatokea kwenye kona unakuta baiskeli imelala peke yake kama imelewa. Kwa hiyo lawama ilikuwepo ya kugawana, na kila upande ungebeba mikungu yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikaacha. Nilikuwa nateremka Shuka Uone kwa gia namba mbili, nimebeba maharage ya Kaisho. Nikaiona kofia. Mzee alikuwa amepanda, hakuwa anasukuma, kwa sababu ya haraka ya kuwahi wanunuzi. Nilipunguza, nikamkaribia, nikapiga mbili fupi.

Niliuona uso wake kabla sijaiona hatari. Aligeuza kichwa juu ya bega la kulia, anatabasamu, na mdomo umeshafunguka kuniitikia. Kisha tairi la mbele likaufuata uso. Mikungu ikaelemea kulia, ikamalizia yenyewe, kama ile ya siku yangu ya kwanza, na baiskeli yote ikaingia mbele ya lori.

Nikakata kulia kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Lori likavuka njia, likagonga ukingo wa udongo, likazimika. Nikaangalia kioo cha kushoto. Hakukuwa na kofia. Hakukuwa na baiskeli. Kulikuwa na ndizi tu barabarani.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nikiita, "Tata! Tata!" Ndivyo tunavyomwita baba kwa kikwetu, na sikuwa nimewahi kumwita hivyo, siku zote nilimwita Mzee kwa Kiswahili cha adabu. Na nilichokuwa nikifikiria ni kwamba nitaingiaje nyumbani, nitamwambia nini Adventina, nitaanzia neno gani. Nikachungulia chini ya barabara, kwenye migomba. Alikuwa ameukata usukani kushoto dakika ya mwisho, mzigo ukamtupa huko; alikuwa amelala chali, mkungu mmoja kifuani, kofia bado iko kichwani. Macho yako wazi yananiangalia.

Mzee akavuta pumzi.

"Marahaba," akasema.

Nilikaa pale pale kwenye tope, nikalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia. Hata leo nikikumbuka neno lile nashukuru upya. Mtu ametupwa migombani na salamu, na bado anaona deni lake la kwanza ni kuiitikia.

Mkono wake wa kushoto ulivunjika. Watu wa gulio walikuja mbio, tukamwinua, tukampeleka hospitali, akafungwa plasta, akarudi nyumbani amening'iniza mkono shingoni. Lakini gulioni maneno yalikuwa yameshagawanyika. Wenye baiskeli walisema dereva amemsukuma mkwe wake. Madereva wakasema mzee ndiye aliyeingia barabarani, kila mtu ameona. Wakaanza kutazamana vibaya. Mtu mmoja akatishia kwamba lori jingine likipiga honi karibu na mtu, vioo vitakuwa halali yao.

Nilikwenda kumtazama mzee nikiwa nimejiandaa kuambiwa nisikanyage tena pale. Nikamkuta ameketi uani kwenye kigoda, mama mkwe wangu, Mama Leonida, pembeni anamenya ndizi. Niliinama, nikatoa shikamoo zangu mbili, kila mmoja na ya kwake. Wakaitikia. Nikaketi. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa, nayo nikaipokea kwa mikono yote miwili, maana nilijua mtu asiyetakiwa hapewi.

"Wanasema nilikusukuma," nikasema.

"Hukunisukuma. Nimegeuka mwenyewe," mzee akajibu. Kisha akaongeza, "Lakini wewe ndiye uliyenigeuza."

"Kwa nini uligeuka, Baba? Ungejibu tu ukiwa unaangalia mbele."

Akanitazama kama mtu anayesikia mtoto akitukana. "Umenisalimia. Nitakujibuje nimekupa mgongo? Mimi nimelelewa."

Nikaelewa. Mzigo wa ndizi nilijua unavyovuta, nilikuwa nimefundishwa. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba adabu nayo inavuta, tena inavuta kuelekea kwenye matairi. Kila tulipompigia mtu honi begani ili tumheshimu, tulikuwa tunamwita aingie barabarani. Na kadiri mtu alivyokuwa mstaarabu ndivyo alivyogeuka haraka.

"Basi sitapiga tena," nikasema.

"Ukinipita kimya," mzee akasema, "nitawaambia watu wote binti yangu nimemwozesha kwa vumbi."

Hapo ndipo Mama Leonida alipoweka kisu chini. Yeye alikuwa mama mpole, na wapole wakichoka ni bora uwe karibu na mlango.

"Mzee, baiskeli yako haina kengele?"

"Inayo."

"Ni ya kupigia kuku?"

Mzee akatia kahawa nyingine mdomoni.

"Mwenzako anasema kwa honi. Wewe jibu kwa kengele. Macho yabaki mbele. Au marahaba yako inatokea machoni?"

Mzee akafikiri, nami nikaona anatafuta pa kuponea. "Atasikiaje kengele kwenye lile gari linalonguruma?"

"Apunguze mwendo asikie," akasema Mama Leonida. Akanigeukia mimi. "Na wewe hiyo redio yako uizime. Na usimpigie mume wangu honi mgongoni kama unafukuza mbuzi. Piga ukiwa mbali, mara moja. Ukisikia kengele, amekuitikia, pita. Usiposikia, hajasikia. Hujapita."

Akachukua kisu chake, akaendelea na ndizi.

Vijana, mimi nimehudhuria semina nyingi za usalama barabarani, nyingine nzuri kweli kweli, na zote nilizipenda. Lakini maneno yale ya uani ndiyo niliyoendeshea gari mpaka nikastaafu. Yaangalieni vizuri. Mwenye baiskeli alipewa kazi yake: kengele nzima, macho mbele, upande wake wa kushoto. Mwenye gari naye akapewa yake: asalimie mapema, kisha akae kimya angoje jibu. Na kengele ya baiskeli huisikii ukiwa kwenye kasi, huisikii vioo vikiwa vimefungwa, huisikii muziki ukilia. Kwa hiyo anayetaka kuitikiwa lazima kwanza awe mtu wa kuitikika. Mama yule hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote, lakini alikuwa na mume barabarani, na hofu hiyo ilikuwa imemfanya aangalie kwa makini kuliko sisi.

Mkono ulipopona tulifanya mazoezi uani. Mzee juu ya baiskeli, mimi nyuma nakimbia natoa honi kwa mdomo, "pii," na Mama Leonida kasimama na mwiko. Mzee akisikia honi, kichwa kinaanza kugeuka, mwiko unamgusa bega. Majirani walikuwa wakija kutazama, wengine na vigoda vyao. Adventina alicheka mpaka akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Ilichukua muda, kwa sababu shingo ya mtu mzima haibadilishwi kirahisi, lakini jioni moja nikapiga "pii," kichwa kikabaki mbele, na kengele ikalia. Mzee akapita hadi kwenye mti wa kahawa wa mwisho bila kugeuka, kisha akasimama, akageuka sasa, akaniangalia kwa kiburi kikubwa.

Gulioni alihubiri kama katekista. Wenye baiskeli wakaanza kuagiza kengele kwa fundi wao, na asiyekuwa na kengele alifunga kopo lenye vijiwe. Mwanzoni madereva wengine walicheka. Mmoja mgeni, wa kutoka mbali, alisimamisha gari akauliza kwa nini kila mtu wa njia hii anamwomba kupita hali yuko mbele yake. Nikamweleza: hawaombi, wanakuitikia, na wewe huna adabu, hata hujui umesalimia watu wangapi leo. Ile hasira ya vioo ikaisha yenyewe. Ni vigumu kumrushia jiwe mtu ambaye umemwitikia marahaba asubuhi.

Sasa, kuna asubuhi moja ambayo ndiyo inayonifanya niwaandikie.

Mnazijua asubuhi za ukungu za huku, ambapo kilima kinaliwa chote na unabaki na kipande cha barabara mbele ya taa. Ilikuwa siku ya gulio. Nilifika juu ya Shuka Uone nikajua mzee yuko mahali fulani chini yangu, maana ndiyo ilikuwa saa yake ya kushuka. Nikapiga honi ya mbali, mara moja, ndefu. Redio ilikuwa imezimwa, kioo kiko chini, baridi inaingia hadi mfupani. Nikasikiliza.

Hakukuwa na kengele.

Nilijiambia labda ameshafika gulioni. Labda leo anaumwa. Mtu akiwa na mzigo na ratiba, akili yake haikosi labda za kumpeleka mbele. Nikapiga tena. Kimya. Nikakumbuka kisu kikiwekwa chini: usiposikia, hujapita. Nikasogeza lori pembeni pale juu, kabla mteremko haujaanza, nikaweka mawe kwenye matairi, nikashuka kwa miguu.

Nyuma ya kona ya kwanza nilimkuta. Baiskeli imelazwa ukingoni, na Mzee Byabato amepiga magoti katikati ya barabara, katikati kabisa, amenipa mgongo, anapapasa tope kwa mikono yote miwili. Kutoka kwenye kona mpaka alipokuwa hapakuwa na nafasi ambayo lori langu lingeweza kusimama. Nililiona hilo kwa jicho la kazi, nikaona lori ambalo halikuwepo likipita juu yake.

"Tata, unafanya nini hapo?"

Akainua kichwa bila haraka. "Kifuniko cha kengele kimechomoka. Kimeviringika huku. Nimekusikia mara mbili, sina cha kukujibia."

"Ungetoka barabarani!"

"Ya nini?" akasema, na kusema kweli alinishangaa. "Nilijua utasimama. Nilikuwa sijakuitikia."

Nilipiga magoti naye, tukakitafuta wote. Kilikuwa chini ya jani. Nikakifuta kwa shati, nikakikaza kwa bisibisi ya gari niliyokuwa nayo mfukoni, nikakaza tena, nikakaza mara ya tatu. Mzee akakijaribu kwa kidole, kikalia. Akaitika kwa kichwa, ameridhika, kama vile alichoepuka ni kukosa adabu tu.

Mzee Byabato aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipoacha baiskeli aliacha kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya gari. Alifariki kitandani kwake, mchana, watoto wote wamefika, na Mama Leonida amemshika mkono ule uliowahi kuvunjika. Siku ya msiba nililia, ndiyo, lakini mtanisamehe nikisema kwamba chini ya kilio kulikuwa na kupumua. Barabara haikumpata. Nilimrudishia Adventina baba yake kila siku ya gulio, naye alijirudisha pia, kila mmoja kwa upande wake.

Baiskeli walichukua shemeji zangu. Mimi niliomba kengele, nikaifunga kwenye baiskeli hii mnayoniona nayo, na njia ikiwa tupu nampigia yeye.

Siku hizi lami imefika, Shuka Uone imechongwa hata jina halifai tena, na magari hayana sauti, yanatokea tu. Wengi wenu mnaweka vitu masikioni mnasikiliza muziki, wenye pikipiki na wenye baiskeli. Sina ugomvi na muziki. Nauliza tu, mtu akikusalimia utajuaje?

Wiki iliyopita nilikuwa natoka kuchukua maziwa. Nyuma yangu, mbali, nikasikia honi ya gari kubwa, mara moja. Shingo yangu, nawaambia ukweli, ilitaka kugeuka, maana sauti ile ilikuwa ya mtu anayenijua. Nikaiacha mbele. Nikapiga kengele. Nikasikia injini ikishuka, ikangoja, kisha lori likanipita mbali, upana wa kitanda na zaidi, hata maziwa hayakutikisika.

Sikuona uso wa dereva. Nilifika nyumbani, nikamkabidhi Adventina maziwa yake, akaniuliza ni nani aliyenipigia honi kule barabarani, nikamwambia simjui. Kama dereva yule ni wewe unayesoma hapa, usidhani nilikudharau.

Marahaba, mwanangu.